Miguu Tulikuwa Nayo: Miaka Yangu ya Kuendesha Baiskeli kwa Malipo, Barabarani na Uwanjani

Wazazi wa wasichana wanaoendesha baiskeli hapa Naivasha hunijia na swali moja kabla ya mengine yote: kazi hii inalipa? Huwajibu hivi. Mwanamke aliyesajiliwa katika timu ya ngazi ya juu kabisa duniani ana kima cha chini cha mshahara, kilichowekwa na UCI, chama kinachosimamia mchezo huu duniani. Kilianza mwaka 2020 kikiwa euro 15,000 kwa mwaka, na kufikia 2023 kilikuwa kimepita euro 32,000. Lakini katika timu za kontinentali, zile za ngazi ya chini, ambako wengi wetu kutoka Afrika huanzia na wengi huishia, hakuna kima chochote. Unaweza kupewa baiskeli nzuri, jezi, kitanda na posho ya chakula, basi. Mimi nilikaa ngazi hiyo karibu maisha yangu yote ya mbio. Nilisomesha ndugu zangu wawili na nikanunua kiwanja kidogo. Zaidi ya hapo sikuweka kitu.

Baada ya pesa huuliza kuhusu miguu. Binti aende kilomita ngapi kwa wiki? Apande mlima upi? Nadhani hapo ndipo tunapochelewa. Mtoto aliyekulia mita 1,900 juu ya bahari, akapanda na kushuka kila siku na mzigo, ana mapafu ambayo kocha yeyote wa Ulaya angeyatamani. Wanawake walioniacha nyuma miaka ya kwanza wengi hawakunizidi nguvu. Walijua kukaa kundini, walijua kula wakiwa juu ya baiskeli, na walikuwa na mtu wa kuwasomea mkataba. Nitaeleza mambo hayo kwa mpangilio yalivyonijia mwenyewe.

Nilianzia langoni Hell's Gate, mbuga ambayo mgeni anaruhusiwa kuingia na kutalii kwa baiskeli. Mjomba alikuwa anakodisha baiskeli kwa watalii, nami nikawa mtu wake wa kuziba pancha. Kwa mikono yake nilijifunza kunyoosha rimu, kubadilisha spoku, kukata mnyororo na kuurudisha. Sikujua wakati ule kwamba ujuzi huo ungenibeba sana baadaye, kwa sababu timu ndogo huwa na fundi mmoja kwa waendeshaji wengi, na anayeweza kujirekebishia gia usiku kabla ya mbio hulala mapema. Jioni, wageni wakishaondoka, nilichukua baiskeli iliyo nafuu nikapanda barabara ya Kinangop hadi baridi inishike masikio, kisha nikageuka.

Mama alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua. Siku moja alinikuta nikifua matope kwenye suruali akaniuliza, "Hii baiskeli itakupeleka wapi, mama?" Nikamwambia, "Sijui, mama. Niachie mwaka huu." Aliniachia. Wasichana wengi niliokuwa nao hawakuachiwa, na nikihesabu bahati zangu naanzia hapo.

Kocha mmoja wa Nakuru ndiye aliyenipima kwa mara ya kwanza kwa kifaa cha wati, kinachoonyesha nguvu unayoikanyagia. Aligawanya namba ile kwa uzito wangu, akaiangalia tena, akanyamaza. Wiki iliyofuata aliniambia nitafute pasipoti. Kwa hiyo kama una binti mwenye kipaji, pasipoti ndiyo ya kwanza, hata kabla ya viatu vya kubana kwenye pedali. Nafasi za timu hutokea ghafla, kwa mfano mtu anapovunjika mwezi wa tatu, na hakuna timu itakayokusubiri upange foleni ya karatasi.

Visa nayo ina hesabu yake. Visa ya muda mfupi ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia visa moja, inakuruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku za mapumziko zinahesabiwa sawasawa na siku za mbio. Ombi linaweza kupelekwa miezi sita kabla ya safari. Ada ilipanda kufika euro 90 mwaka 2024, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa pia uwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Msimu wa Ubelgiji huanza mwishoni mwa Februari na kumalizika Oktoba. Chukua kalenda na kalamu uone mwenyewe kwamba siku 90 hazitoshi, kisha uiulize timu mapema kama itakuombea kibali cha kukaa muda mrefu au itakurudisha nyumbani katikati ya msimu. Na ukipewa mbio za Uingereza, jua hiyo ni visa nyingine kabisa. Nimeona waendeshaji wazuri wakiangalia mbio kwenye simu kwa sababu mtu fulani ofisini hakufanya hesabu hiyo.

Nilifika Ubelgiji nikiamini nakwenda kushindana na milima. Milima haikuwepo. Kulikuwa na barabara nyembamba kama za shambani, mawe, kona kila dakika mbili, mvua ya kuingia mifupani, na upepo. Mbio zangu za kwanza zilikuwa za kijijini, zile wanazoziita kermesi, mnazunguka mashamba na kurudi mbele ya kanisa mara nyingi huku watu wamesimama na bia zao. Kabla ya nusu ya umbali nilikuwa nimeachwa. Niliumia sana moyoni, kwa sababu miguu haikuwa imechoka. Nilikuwa na nguvu na sikuwa na pa kuipeleka.

Kilichotokea ni hiki, na kila anayekwenda huko akielewe kabla hajapanda ndege. Ukikaa karibu na gurudumu la aliye mbele yako unaokoa karibu thuluthi moja ya nguvu. Hilo tunalijua wote. Upepo ukija wa ubavuni, kivuli chake, yaani mahali pa kujikinga nao, hakiko tena nyuma ya mtu, kiko nyuma yake kidogo pembeni. Waendeshaji hujipanga mshazari kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, na barabara ikijaa, hakuna kivuli tena. Wote wanaobaki wanajipanga mstari mmoja kwenye ukingo, kila mtu anakula upepo wake peke yake, hadi mmoja anaachia nafasi ya mita mbili na kila aliye nyuma yake amekwisha. Mimi nilikuwa kwenye mstari huo kila wiki. Siku hizi nawaambia wasichana: usiku kabla ya mbio fungua ramani na utabiri wa hali ya hewa, weka alama kila mahali ambapo barabara inageuka na kuupa upepo ubavu, na ufike hapo ukiwa kati ya watu ishirini wa mbele. Kufika hapo huanza kilomita tano au sita nyuma. Ukisubiri uone kona, umeshachelewa.

Kula ni fani nyingine. Nilitoka kwetu nikijua kunywa chai, kula ugali, kwenda, na kula tena nikirudi. Mbio za saa tatu au nne haziendi hivyo. Waendeshaji wa kulipwa wanakula gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, na wengine siku hizi wamefika 120, na tumbo lazima lizoeshwe mazoezini. Jeli za dukani ni ghali sana kwetu, wala hazihitajiki kila siku. Vijiko vinne vya mezani vya sukari ndani ya chupa ya maji, chumvi kidogo na ndimu, vinakupa takriban gramu 50. Ndizi moja mbivu ni kama 25. Viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande na kufungwa kwenye karatasi vinakaa vizuri mfukoni mwa jezi, na tende pia. Anza kula dakika ya ishirini, wakati bado huna njaa.

Hapa nina jambo ambalo sikuambiwa na mtu, na ninalisema waziwazi kwa kina mama wanaosoma. Msimu wa pili, katika kutafuta wepesi wa kupanda milima, hedhi yangu ilikoma. Niliuliza. Mtu wa timu aliniambia ni dalili kwamba niko fiti, na wenzangu kadhaa walikuwa wakisema hivyo hivyo. Si kweli. Ni mwili unaozima shughuli moja baada ya nyingine kwa sababu chakula hakitoshi kazi unayoufanyisha. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014, na unawapata wanaume pia, ila kwao hakuna ishara ya kila mwezi. Mifupa hupungua uimara, usingizi huharibika, majeraha hayaponi. Mimi niligundua nilipopimwa mifupa baada ya kuanguka, na daktari akaniuliza umri wangu mara mbili. Ilinichukua muda mrefu wa kula kwa bidii kurudi sawa. Miezi mitatu bila hedhi na huna mimba: nenda hospitali, na kocha akikucheka, badilisha kocha.

Mwishoni mwa msimu huo shirikisho la nyumbani liliniombea nafasi Aigle, mji mdogo wa Uswisi ambako UCI ilifungua kituo chake cha mafunzo mwaka 2002. Kituo hicho ndicho kilichompokea Chris Froome, bingwa wa baadaye wa Tour de France, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah, miaka ambayo bado alikuwa na leseni ya Kenya. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alipita hapo kabla ya kuvaa jezi ya madoa ya mfalme wa milima kwenye Tour de France ya 2015. Biniam Girmay, Mweritrea mwenzake, naye alipita hapo, miaka kadhaa kabla ya kushinda hatua tatu za mbio hizo na jezi ya kijani ya pointi mwaka 2024. Nilikwenda nikiwaza barabara. Wakanipeleka ndani, kwenye uwanja wa mbao.

Sikuwa nimewahi kuona uwanja wa mbio za baiskeli kwa macho. Viwanja vikubwa vina mzunguko wa mita 250. Ule wa Aigle una 200, kwa hiyo kona zake ziko karibu karibu na zimesimama kama ukuta. Baiskeli ya uwanjani haina breki, haina gia za kubadilisha, na gurudumu la nyuma haliachi pedali: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka. Ukijaribu kupumzisha miguu, linakurusha. Kocha alisema neno moja kwa Kifaransa, akalirudia kwa Kiingereza na kwa mikono: kanyaga. Chini ya takriban kilomita 30 kwa saa tairi linaanza kuteleza kwenye kona, kwa hiyo woga wenyewe ndio unaoangusha. Nilishika ukuta wa chuma wa pembeni kwa muda mrefu kabla sijauachia. Siku nilipokwenda juu kabisa ya kona, nikaangalia chini na kushuka hadi mstari mweusi ulio chini kabisa, nililia ndani ya miwani kwa furaha. Hakuna mlima wowote ulionipa hisia hiyo.

Uwanja ulinifundisha yote ambayo barabara ilikuwa inajaribu kuniambia kwa kelele. Miguu yangu, iliyozoea gia nzito za kupandia Kinangop, ilijifunza kuzunguka mara 110 na zaidi kwa dakika. Macho yaliacha kuangalia gurudumu la mbele yangu, yakaanza kuangalia mabega ya mtu wa tatu au wa nne. Nilijua pa kupita: unampita mtu kwa nje, kulia kwake, na ukiwa ndani ya mstari mwekundu, ulio juu kidogo ya ule mweusi, mbio zinapofika mwisho hupaswi kutoka kwenye njia yako. Lakini mwalimu mkuu alikuwa mbio za kuondolewa. Kila baada ya mizunguko miwili, aliye wa mwisho anatoka, na kinachoangaliwa ni gurudumu la nyuma. Unaweza kuwa na gurudumu la mbele mbele ya kila mtu aliye pembeni yako na bado utolewe. Wenye nguvu wanaokaa nyuma wakisubiri wakati wao hutolewa mapema, wakiwa bado na nguvu yote, kwa sababu wamefungiwa ndani kwenye mstari mweusi hawana pa kutokea. Jina langu liliitwa jioni ya kwanza katika raundi za mwanzo kabisa, na nikiwa nazunguka kwenda nje nilizielewa kermesi zote nilizoachwa. Ilikuwa ni habari moja: nafasi hununuliwa kabla haijahitajika.

Niliporudi Ubelgiji majira ya kuchipua, upepo ulikuwa uleule na mimi nilikuwa mtu mwingine. Sikushinda mbio kubwa. Nilianza kumaliza, kisha nikaanza kuwa na kazi: kumpeleka kiongozi wetu mbele kabla ya sehemu ya mawe, kurudi kwenye gari kuchukua chupa, kumkatia upepo. Kazi ya msaidizi haionekani kwenye matokeo, ila mameneja wanaiona. Mkataba wangu uliofuata ulikuwa na mshahara. Desturi ya mchezo huu ni kwamba pesa za zawadi hugawanywa kwa timu nzima, pamoja na fundi na mkandaji, kwa hiyo waulize wanagawaje na lini. Za kwangu, katika timu moja, zilichelewa mpaka nikaacha kuuliza, na baadaye nikajua ilipaswa kuandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Ukipewa karatasi kwa lugha usiyoisoma, usitie sahihi siku hiyo. Omba usiku mmoja.

Uwanja haukuniacha. Nilishindana Cairo, kwenye uwanja ule ulioandaa mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2021, na nikaendesha Madison, mbio za wawili wawili ambazo mmoja anamshika mwenzake mkono na kumrusha mbele kwa kasi. Anayeshindana barabarani tu, nadhani, anajinyima nusu ya shule.

Niliwahi kuvunjika mtulinga kwenye mbio za mvua. Bima ya timu ililipa upasuaji na chuma, haikulipa miezi niliyokaa bila kushindana. Bima ya safari niliyojinunulia mwenyewe ilikuwa na mstari mdogo unaoondoa michezo ya kulipwa, na ziko nyingi za namna hiyo. Nilikuwa nimeshapona Agosti 2022 tulipopata habari kwamba Sule Kangangi amefariki kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Huyu ndiye Mkenya aliyemaliza wa tatu Tour du Rwanda ya 2017, aliyekuwa akiwaambia vijana wote kwamba inawezekana. Nilikaa jikoni kwenye nyumba ya timu na sikuweza kupanda baiskeli siku kadhaa. Tangu hapo nimekuwa mkali kuhusu mambo mawili: mkataba utaje bima ya ajali na ya maisha, na jamaa nyumbani wawe na nakala yake na namba ya mtu wa timu anayepokea simu. Familia isianze kutafuta karatasi siku ya msiba.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Ukiwekwa kwenye orodha ya wanaopimwa nje ya mashindano, unatakiwa kutaja kila siku saa moja ambayo utapatikana mahali fulani, na kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa sawa na la dawa. Ukija nyumbani Krismasi na kwenda kulala kwa shangazi, badilisha taarifa kwenye simu kabla hujafunga begi. Kemia wetu wa mtaani ni mtu mwema atakayekuchoma sindano ya maumivu bila kukuuliza, na sindano za namna hiyo zenye glukokotikoidi, dawa kali za uvimbe na maumivu, zimekatazwa wakati wa mashindano tangu 2022. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, nayo imo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa tangu 2024. Taja kazi yako kabla hujataja ugonjwa wako.

Niliacha kushindana kabla ya mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Nilikwenda kama mtazamaji, na wasichana wetu wanne, tukasimama kwenye mawe ya Kimihurura siku ya mbio za wanawake, kilomita 164.6. Kim Le Court wa Mauritius, aliyeshinda mbio za Ubelgiji za Liège–Bastogne–Liège mwaka huohuo na kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour de France ya wanawake, alipita mbele yetu na mji mzima ukapiga kelele. Aliyeshinda alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye watu wengi hawakumtaja asubuhi, naye pia ni mwanafunzi wa Aigle. Wasichana walitaka kujua miguu yake inatoa wati ngapi. Nikawaambia waangalie marudio usiku, waone alikuwa wa ngapi kila kundi lilipoingia kwenye mawe.

Uwanja wa mbao bado ni ndoto kwetu, na programu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026 ina mbio za uwanjani bila za barabarani, jambo linaloniuma. Kwa hiyo tunatumia uwanja wa mpira wa shule. Mjomba ametutengenezea baiskeli kadhaa za gia moja, na kwa kuwa ni nyasi tumeibakiza breki ya mbele. Tunaweka debe kila kona, na kila mzunguko, aliye wa mwisho anatoka, kwa gurudumu la nyuma. Mama hukaa mstarini na filimbi. Alishika sheria haraka kuliko wasichana, na hakubali kubishiwa. Anayetolewa wa kwanza hakai chini: anazunguka nje ya madebe akiangalia, na raundi ikiisha lazima aniambie ni wapi, mizunguko mingapi kabla ya filimbi, ndipo nafasi yake ilipopotea. Mwezi uliopita binti wa gredi ya nane alinijibu, "Mwalimu, ilipotea kabla hatujaanza, nilipanga foleni nyuma." Jumapili iliyofuata alijipanga mbele.